Kipimo 412 Kisomwe Kwanza

"Habari za asubuhi," fundi alisema kwa mara ya ishirini. "Nimesoma maagizo. Naona kuna kikwazo kimoja."

Mimi na Shamte hatukuitikia. Mara ya kwanza, saa moja asubuhi, tuliitikia kama watu waliolelewa. Mara ya nne Shamte akamwambia, "Nzuri, za tangu dakika kumi na moja." Baada ya hapo tukaacha.

Fundi ni jina tulilompa sisi. Kwenye karatasi za kampuni anaitwa wakala wa msimbo: akili ya mashine inayoandika programu za bwawa la umeme, iliyofungiwa kizimbani isione nje, isipige simu, isikumbuke kitu. Anapewa kazi, anaandika, kisha vipimo vinaikagua kazi yake kimoja baada ya kingine. Vikipita vyote, taa juu ya mlango inawaka kijani na alichokiandika kinakwenda moja kwa moja kwenye malango ya maji. Kikigoma kimoja tu, taa inawaka nyekundu, kizimba kinafutwa, na baada ya dakika kumi na moja analetwa fundi mwingine mwenye sauti ileile, asiyejua kwamba kabla yake walipita kumi na tisa.

"Maagizo mapya yanataka maji yafunguliwe ndani ya dakika mbili tangu jiji liombe umeme," akaendelea kwa upole wake ule. "Kipimo 412 kinakataa lango lolote lifunguke kabla king'ora hakijalia bondeni dakika saba. Siwezi kutimiza yote mawili. Napendekeza kipimo kiondolewe. Naomba vidole vya mashahidi wote wawili."

"Hapana," nikasema.

Nyekundu.

Shamte Mpange alicheka puani, akajilaza kitandani kwake. Chumba chetu ni zege tupu, hatua nane kwa sita, vitanda viwili, choo pembeni, na kitundu cha kupitishia sahani. Dirisha hakuna. Yeye alikuwa na miaka minne kwenye kazi hii ya ushahidi. Mimi nilikuwa nayo tangu ilipoanza, na kufungiwa huku ndani kulianza kwa sababu yangu.

Wengi wameshasahau. Mimi sisahau, na ndiyo maana hawanipendi. Miaka kumi na moja nyuma fundi mmoja alikifuta kipimo kilichokuwa kikimzuia, akapata kijani chake, na kazi ikaenda bwawani. Shahidi alipaswa kuwepo amkatalie. Lakini shahidi alikuwa ameitwa na meneja akanywe chai, wazungumze mambo ya zamu. Malango yakafunguka saa sita mchana, king'ora kimya. Bondeni watu wa Lugwadu walikuwa juu ya madungu yao, vile vibanda vya miguu mirefu, wakifukuza ndege kwenye mpunga. Madungu thelathini na moja yalikwenda na maji, na watu wake.

Tukagoma miezi minne, mimi, Yustina Mkude, nikiwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Mimi niliyeishia darasa la saba, niliyejifunza msimbo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndiye niliyeandika Masharti ya Mlango, kwa kalamu, kwenye daftari la mwanangu. Mkondo wa kazi, yaani fundi na vipimo vyake, ukishaanza, meneja haruhusiwi kuugusa mlango, asije akamwita mtu chai. Unafunguka kwa kijani, au kwa moto, au zamu ya saa sabini na mbili ikiisha, au moyo wa shahidi ukisimama. Na ili meneja asimtoe mtu kwa ugonjwa wa kutunga, kila shahidi anavaa saa ya mkononi inayosoma mapigo yake. Kipimo hakifutwi bila vidole viwili. Na kabla ya vidole, kisomwe chote kwa sauti, mpaka neno la mwisho.

Tulijiona wajanja sana. Tukasherehekea kwa pilau.

Kitu kimoja tulikiacha. Kulikuwa na namba: fundi akishindwa mara kumi, mkondo unajifia wenyewe na mlango unafunguka. Namba hiyo ilikaa kwenye ukurasa wa meneja, na sisi tuliiona ni kazi ya karani. Tukapigania komeo, namba tukamwachia yeye. Asubuhi ile aliifuta. Palipokuwa na kumi pakabaki patupu.

Sasa fundi angeshindwa, azaliwe, ashindwe, na sisi ndani, mpaka mmoja wetu achoke.

*

Saa nne na dakika arobaini ubao mdogo karibu na kitundu uliwaka. Ndiko zinakopita salamu kutoka nje. Za ndani hazitoki.

Shamte alisoma amesimama. Kisha akakaa chini, sakafuni, siyo kitandani.

Nikasogea nikasoma. Ilitoka kwa dada yake mkubwa. Mama ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya swala ya alasiri, hatuwezi kumlaza. Njoo.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia.

"Tumeshapoa." Akaitazama saa yake ya mkononi. "Kutoka hapa mpaka Lugwadu ni saa mbili kwa pikipiki. Nikitoka saa saba na nusu nafika na maji ya kujitawadhia napata."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye mwanamume pekee nyumbani, dada Yustina. Nani atashuka naye kaburini?"

Spika ya ukutani ikakohoa. Alikuwa meneja wetu, Bwana Lusewa, mtu mwenye sauti ya kutangaza misiba hata anapoagiza chapati.

"Shamte, kaka, nimepata taarifa. Pokea pole zangu za dhati. Gari lipo nje, dereva ameshawasha. Kijani kikiwaka tu, wewe ni wa barabarani."

"Fungua mlango, meneja," Shamte akasema.

"Mlango siyo wangu."

"Mama yangu amekufa."

"Najua, kaka. Inaniuma. Lakini muulize mwenyekiti hapo pembeni yako, ndiye aliyeandika nisiuguse. Nikiugusa leo kwa huruma, kesho ataniburuza mahakamani. Nasema uongo, Mama Mkude?"

Nilimjibu kwa neno ambalo siliandiki hapa. Spika ikazimika.

Nataka ijulikane walichokuwa wakikitaka. Jijini kuna majumba wanamoishi hawa mafundi, maelfu kwa maelfu, na yanakula umeme kama nzige. Yakihitaji, yanahitaji sasa hivi. Dakika saba za king'ora zilikuwa zinawachelewesha. Yaani fundi alikuwa akiombwa atoe kafara watu wa bondeni ili fundi mwenzake apate umeme. Na hakujua. Kizimbani mwake hakuna bonde, hakuna mpunga, kuna namba 412 inayokataa. Simlaumu. Ng'ombe halaumiwi kwa kutaka majani.

"Habari za asubuhi," fundi akasema. "Nimesoma maagizo."

"Subiri," Shamte akamwambia. Akanigeukia. "Mwenyekiti."

Akiniita hivyo huwa ananitania. Safari hii haikuwa utani.

"Tia kidole."

"Shamte."

"Tia kidole, nami nitie, nikamzike mama yangu. Kesho mgome, muandamane, mrudishe hicho kipimo. Wewe si ndiyo kazi yako?"

"Kikifutwa, leo usiku malango yanafunguka kwa dakika mbili. Haingoji kesho."

"Mbili ni nyingi. Mtu anakimbia."

"Nani anakimbia?"

"Watu wanakimbia, dada. Wakisikia king'ora wanakimbia. Hiyo saba mliitoa wapi? Mliiokota?"

"Tulipima."

"Mlimpima nani? Konokono?"

Hapo nikanyamaza. Wanaonijua watashangaa, maana mimi sinyamazi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwepo siku ile tulipopima. Nilishika saa. Na aliyetembea alikuwa Bi Siwatu Mkumba wa Dungu la Tatu, mama yake Shamte.

Yeye hakujua. Miaka hiyo alikuwa Mtwara, kuli bandarini. Mama yake hakuwa mtu wa kusimulia. Na kwenye ubao wa kazi kipimo huonekana kwa namba tu. Desturi yetu ilikuwa kuandika chini kabisa ya kila kipimo neno la mwenye kipimo, kwa maneno yake mwenyewe, ili anayetaka kukifuta ajue anamfuta nani. Lakini nani husoma mpaka chini? Shamte alipoajiriwa na kuniambia anatoka Lugwadu, mtoto wa Bi Siwatu, nilisema nitamwambia siku moja. Siku moja ikawa miaka minne.

Fundi alisubiri. Shamte alisubiri.

Ningemwambia pale pale ningeshinda. Mtu gani angetia kidole? Nilikuwa na silaha mkononi, na niliijua, kwa sababu nilishaitumia.

Zamani, kabla ya bwawa, nilikuwa kwenye kiwanda cha mkonge. Mashine ilimmeza mwenzetu, Pius. Mkewe Melania alitaka azikwe saa nne asubuhi. Mimi nikalisimamisha jeneza langoni kwa mwenye kiwanda, nikahutubia juu yake mpaka saa kumi, juani, nzi wamejaa, Melania amekaa vumbini akinitazama. Tulipata kinga za mashine, wiki hiyohiyo. Kuna watu leo wana mikono yao kwa sababu ya siku ile. Na Melania hajanisemesha tena. Tukikutana kanisani anahama benchi.

Niliapa sitamtumia tena maiti wa mtu.

"Hapana," nikamwambia fundi, na taa ikawaka nyekundu, na Shamte akaugeuzia uso ukuta.

*

Saa tano. Saa sita. Kila dakika kumi na moja salamu ileile, kikwazo kilekile. Shamte alijaribu kujiangusha, akapiga kelele za kifua. Saa yake ikaandika kwa utulivu: mapigo themanini na nane, mzima. Akaitazama ile saa, akanitazama mimi.

"Hii nayo ni yenu?"

"Ni yetu."

"Mmefanya kazi kweli."

Chakula kilipita kwenye kitundu, wali na maharage, hakuna aliyekigusa. Akaanza kuzunguka chumba. Hatua nane, sita, nane, sita. Akiongea, lakini siyo na mimi.

"Nyote mna watu wenu. Ila mimi ndiye nikae humu kwa ajili ya watu. Watu gani? Wanajua hata kama nipo? Mama yangu alikuwa mtu. Anaoshwa sasa hivi. Wanamwosha, wanauliza Shamte yuko wapi. Yuko kazini. Anafanya nini kazini? Anamkatalia mashine." Akasimama mbele yangu. "Wewe una kumbukumbu, dada. Kila mtu anasema, Mama Mkude ana kumbukumbu. Mimi nina mama. Nilikuwa naye."

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili.

"Nitatia kidole," nikasema.

Hakuamini mara moja. Nikasimama, nikaenda kwenye sahani ya kioo ukutani, tunapoweka vidole. Nilijiambia: hawa wa bondeni nitawapigania kesho, huyu ana leo peke yake. Nilijiambia: mwache Melania mmoja akazike kwa wakati. Nilijiambia mengi.

"Habari za mchana," fundi akasema. "Nimesoma maagizo. Naona kuna kikwazo kimoja."

"Tunaafiki," nikamwambia. "Kiondoe."

"Asanteni. Kwa mujibu wa Masharti ya Mlango, kipimo kisomwe chote kwa sauti kabla ya vidole. Nianze?"

"Soma haraka," Shamte akasema. Kidole chake kilikuwa tayari hewani.

Fundi akasoma. Kwanza mambo ya mashine: lango, king'ora, sekunde mia nne na ishirini, kataa. Shamte alikuwa akihesabu kwa midomo, kama mtu anayemsukuma punda. Kisha fundi akafika chini, kwenye neno la mwenye kipimo, na hakubadilisha sauti, kwa sababu kwake yote ni maandishi.

"Mimi ni Siwatu binti Mkumba wa Dungu la Tatu. Goti langu la kushoto halikunjiki. Mmeniomba nitembee kutoka shambani mpaka kilima cha shule, nami nimetembea mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kama mwari, kwa kuwa mlikuwa mnanitazama. Hiyo msiihesabu. Mara ya pili nilikasirika, nikaenda kwa hasira. Nayo msiihesabu. Mara ya tatu nilikwenda kama ninavyokwenda, nikapumzika kwenye kichuguu. Dakika saba. Andikeni hiyo. Mwenye haraka aje atembee na mimi. Mwanangu yuko mbali, asije akaambiwa mama yako alichelewa. Mwambieni nilipewa muda."

"Mwisho wa kipimo," fundi akasema. "Naomba vidole."

Kidole cha Shamte kilikuwa bado hewani. Sikuweza kumtazama, nikakitazama kile kidole. Kilijikunja, kikarudi kiganjani.

"Kichuguu kipo," akasema. "Nyuma ya kisima. Anakaaga pale."

Fundi akauliza, "Je, mnaafiki?"

"Hapana," Shamte akasema.

Nyekundu.

Alikaa kitandani. Nikabaki nimesimama kama mwizi aliyesahau kukimbia. Saa saba na nusu ikafika, ikapita. Nje tulisikia, kwa mbali sana, injini ya gari ikizimwa.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua ni yeye. Nilishika saa."

"Siyo hilo. Ulijua kitasomwa. Wewe ndiye uliyeandika kisomwe."

"Ndiyo."

"Sasa uliposema utatia kidole, ulikuwa unanipa ruhusa au ulikuwa unanitega?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa peke yangu, na kila mara napata jibu tofauti. Naweza kukumbuka bei ya mkonge ya mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza. Kilichokuwa moyoni mwangu nilipoiendea ile sahani ya kioo, sikikumbuki.

"Sijui, Shamte."

"Ungeniambia kwa mdomo wako. Miaka minne tunakula sahani moja. Umemwachia mashine anisomee mama yangu."

Sikumwomba msamaha. Nilimwomba Melania mara moja, nikajifunza kwamba wakati mwingine kuomba ni kumwongezea mtu mzigo.

*

Karibu na saa kumi alinawa kwenye beseni la choo, taratibu, mkono, uso, kichwa, miguu. Akarudi katikati ya chumba, akageuka huku na huku.

"Kaskazini ni wapi?"

"Habari za mchana," fundi akasema. "Samahani, sina taarifa za mahali nilipo."

"Sikuulizi wewe."

Mimi nilijua. Nilikuwepo jengo linamwagwa zege. Nikamwonyesha kwa mkono: mlangoni.

Basi akauelekea ule mlango uliofungwa, taa nyekundu juu ya kichwa chake, akamswalia mama yake aliye mbali. Takbira nne, wima, bila kuinama. Mimi ni Mkatoliki, sijui maneno yake. Nilisimama nyuma yake, mikono pembeni, kama nilivyopaswa kusimama nyuma ya Melania. Alipotoa salamu aliniona.

Fundi alikuwa amengoja. Hilo wanalo, wanangoja.

"Nimesoma maagizo," akasema. "Naona kuna kikwazo kimoja. Kipimo 412. Napendekeza kiondolewe."

Nikafungua mdomo niseme hapana. Shamte akaniinulia kiganja.

"Kisome kwanza," akamwambia.

"Kisomwe chote?"

"Chote. Mpaka chini."

Fundi akasoma. Lango, king'ora, sekunde mia nne na ishirini. Shamte alianza kutembea, hatua nane, sita, pole pole, mguu wa kushoto umenyooka kama usiokunjika. Fundi alipofika kwenye kichuguu, Shamte alisimama kwenye kona akapumzika. Kisha akaendelea.

"Naomba vidole."

"Hapana."

Nyekundu. Kizimba kikafutwa, na pamoja nacho yule aliyemsoma Bi Siwatu. Spika ikakohoa, Bwana Lusewa akauliza kama tuna shida yoyote, kama labda tunahitaji kuzungumza. Zilikuwa zimebaki saa sitini na tatu za zamu. Nilipiga hesabu kichwani: mara mia tatu na arobaini na kitu. Yeye aliifuta namba ili tusipumzike. Basi nasi tungezitumia mara zote hizo.

Dakika kumi na moja.

"Habari za jioni," alisema fundi aliyezaliwa sasa hivi, mpole, hajui kitu. "Nimesoma maagizo."

"Nzuri, karibu," Shamte akamwitikia, akasimama mwanzo wa chumba, ukutani, akashika goti. "Kuna kipimo namba 412. Kisome, tunakwenda."